Uzi Niliotaka Kuukata

Watu hupenda kuniita mchungaji. Mimi ni dereva. Nilisoma chuo cha Biblia mwaka mmoja na miezi mitatu kule kwetu magharibi ya Kenya, karo ikakatika, nikatoka na cheti cha uinjilisti chenye muhuri uliopinda. Cheti hicho kiko ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, Al-Malqa, jijini Riyadh, Saudia, katika chumba cha dereva kilichoshikana na geti la nyumba ya bosi. Ikama yangu, kibali cha ukaazi, inasema dereva wa nyumbani. Lakini Wakenya wakikutana ugenini hawawezi kukaa bila mchungaji, na kati yetu sote mwenye cheti nilikuwa mimi.

Tulikutana Ijumaa asubuhi kule Al-Suwaidi, katika nyumba ya walinzi watatu, ghorofa ya pili. Nchini humu kanisa haliruhusiwi, kwa hiyo blanketi tulilitundika nyuma ya mlango. Viatu tuliviingiza ndani, maana rundo la viatu nje ya mlango huwafanya majirani waulize. Tuliimba tenzi kwa sauti ya chini, kama watu wanaoimba ndani ya sufuria iliyofunikwa. Niseme ukweli, hakuna aliyewahi kutusumbua, na siku hizi mambo yamelegea kuliko tulivyoambiwa na waliotutangulia. Woga tuliurithi kwao tu, na hatukujua pa kuupeleka.

Kuna jambo jingine lazima niliseme mapema. Mke wangu alifariki mwaka wangu wa pili Riyadh, na tangu hapo sikuwa nikisikia kitu moyoni. Sisemi huzuni. Huzuni naijua, nilimzika baba. Hii ilikuwa kama mdomo uliodungwa sindano na daktari wa meno: unaugusa, unajua ni wako, lakini haupo. Nilihubiri hivyo hivyo. Niliwawekea watu mikono, wakalia, mmoja akaanguka kwenye zulia, na mimi pale juu yake nikawaza kama gari nimelifunga. Wenzangu walisema nimesimama imara katika Bwana. Niliwaacha waseme. Kinyozi hajinyoi, na mimi sikuwa hata na hamu ya kunyolewa.

Ijumaa moja mlinzi mmoja wa hoteli huko Olaya alituletea mwanamke wa hoteli hiyo hiyo, wa chumba cha kufulia, kazi yake kupiga pasi mashuka. Alikuwa mfupi, umri wa miaka thelathini hivi, na mikono yenye alama za kuungua. Mlinzi alitueleza kwamba ni Mtailandi. Yeye akasema hapana, karatasi ndizo za Kitailandi, yeye ni Mkaren. Wenzangu wakaangua kicheko, maana kwa Mkenya Karen ni mtaa wa matajiri wa Nairobi, wenye mbwa wanaokula nyama kutushinda.

"Karen gani, sista?" mmoja akamuuliza. "Ama wewe ndio landlord wetu?"

Alingoja tumalize. Kisha akaeleza, kwa Kiingereza chake cha shule na Kiarabu cha kazini kama chetu, kwamba Wakaren ni watu wa milima iliyo mpakani mwa Burma na Tailandi. Vita viliwatimua. Mamake alivuka mto akiwa amembeba mgongoni, wakaingia kambi ya wakimbizi upande wa pili, nyumba za mianzi zilizopandana mlimani, na huko ndiko alikokulia. Karatasi alizipata ukubwani kwa kupitia kijiji cha ndugu za marehemu babake. Wamisionari waliwafikia babu zao zamani sana, kwa hiyo kambini palikuwa na kanisa, na shule ya kanisa, na kwaya. Wengine walishika dini, wengine wakabaki na mila za kale. Mamake alikuwa wa hao wa mila. Binti alikuwa kanisani tangu utotoni lakini hakuwahi kubatizwa.

Tulimwambia mgeni njoo, mwenyeji apone, tukampa kiti kile kimoja chenye mgongo. Tulipoanza kuimba, akaimba. Alijua noti, do re mi zote, na maneno ya Kiswahili aliyafuata kwa kusoma tu bila kuelewa. Miaka minne sisi tulikuwa besi tisa na kelele mbili. Siku hiyo nyimbo zile zilipata sauti ya katikati, na walinzi wawili wakafunga macho. Mimi niliona kwamba ni nzuri, kama unavyoona bei imeandikwa kwenye kitu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi tulishiriki meza ya Bwana, mkate wa dukani na sharubati ya zabibu. Sinia ilipomfikia, akaipitisha kwa jirani yake bila kuinua macho. Aliipitisha vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Baadaye nilimuuliza kwa nini habatizwi. Hapo ndipo alipovuta mkono wa shati.

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa amefungwa uzi wa pamba. Ulikuwa mweupe zamani, sasa una rangi ya chai. Mamake aliufunga siku binti alipoondoka kambini. Kwao wazee husema roho ya mtu ni nyepesi, hushtuka haraka, huweza kubaki njiani mwili ukaenda peke yake. Basi huiita, kisha hufunga uzi mkononi ili ikae.

"Mama aliniambia hivi," alisema. "Kama Mungu wenu anaweza kukupokea na uzi wangu mkononi, nitaenda kanisani nimwone. Kama lazima auvue kwanza, basi ni mwizi kama wale wengine."

Wale wengine, akaeleza, ni askari waliochoma kijiji chao. Na akaniambia anachotaka, kwa maneno machache, akinitazama: abatizwe na uzi ule ukiwa mkononi, apige picha, ampelekee mamake. Mama yule hakuwa na mtoto mwingine. Kila Jumapili, kwa miaka yote hiyo, walikuwa wakiachana njia panda ya kambi, mmoja akielekea kanisani na mwingine akirudi nyumbani.

Sasa mnijue nilikotoka. Kwetu, mhubiri anapimwa kwa hirizi alizochoma. Nilipokuwa mwanafunzi tulizunguka vijijini na kiberiti. Tuliwavua watoto shanga za kiunoni, tukavua nyuzi, pembe, vifuko vya ngozi, tukavirundika na kuvitia moto huku tukiimba. Sheria niliyoishika kuliko zote ni kwamba hakuna anayeingia majini na kitu kimefungwa mwilini. Nilimwambia hivyo. Akasema huu si hirizi, hauna dawa ndani, ni uzi tu na mama. Nikamwambia tutaona. Mtu asiyesikia kitu hupenda sana sheria, maana sheria haimtaki asikie.

Ubatizo tulifanyia istiraha, zile nyumba za mapumziko zenye kidimbwi cha kuogelea ambazo familia hukodi wikendi. Tulikodi kwa jina la sherehe ya siku ya kuzaliwa na tukanunua keki kabisa, ikiwa mtu atauliza. Mtunza istiraha, mzee wa Kibangali, aliuliza ni nani anayezaliwa, tukamsukuma mbele mlinzi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Akapongezwa mpaka akaona haya. Watu watano walikuwa wa kubatizwa, pamoja naye.

Nilisimama ndani ya maji, yamenifika tumboni, na kanzu yangu ikielea. Mkasi nilikuwa nimeuchukua kutoka kisanduku cha huduma ya kwanza cha gari la bosi, nikauweka ukingoni juu ya taulo. Yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa vile ni mgeni na tulitaka kumheshimu. Alipoteremka ngazi mbili za kidimbwi nilinyoosha mkono, nikachukua mkasi. Sikumkaripia. Nilimwambia tu kwamba hili likitoka, mengine yote ni rahisi.

Aliutazama mkasi, kisha akaupeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Maji yalikuwa yamemfika magotini.

"Wewe ni mchungaji," akasema. "Muulize kwanza."

Alimaanisha nimuulize Mungu. Wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kufumba macho nikangoja, hata kwa kujifanya, hata dakika moja. Sikuuliza. Nilijua hakuna atakayejibu, na sikutaka watu waone kwamba hakuna atakayejibu. Nikasema, "Anayefuata."

Alitoka majini. Hakuondoka. Aliokota taulo zote, akasimama ukingoni, na kila aliyezamishwa na kuibuka alimpokea kwa taulo, akamfunika mabega, mmoja baada ya mwingine, wote wanne. Kisha tukala keki. Niliporudi Al-Malqa nilirudisha mkasi kwenye kisanduku chake na kuosha gari, nikalala vizuri. Hili la kulala vizuri ndilo linaloniaibisha kuliko mengine.

Aliendelea kuja Ijumaa tatu nne, akiimba, akipitisha sinia. Halafu kampuni yake ikamhamishia yeye na wenzake Jeddah, hoteli nyingine, kazi ile ile. Aliaga kwa heshima. Sauti ya katikati ikaondoka, tukarudi kuwa besi tisa na kelele mbili. Mlinzi aliyemleta hakuniambia kitu, lakini aliacha kuniita mchungaji, akaanza kuniita bro.

Miezi sita ikapita. Shule zilipofungwa, bosi na madam walitaka kwenda Jeddah kupunga upepo wa bahari. Wao walipanda ndege na watoto. Mimi nikaendesha gari na mizigo, kutwa nzima ya jangwa na vituo vya mafuta. Nilikuwa nimesimama kituoni kunywa chai niliposikiliza ujumbe wa sauti wa yule Mkaren. Mlinzi alikuwa amemwambia naja. Alisema ana shida na ni mimi tu ninayeweza kuisaidia, na kama nina saa moja Ijumaa asubuhi, nimfuate mkahawa fulani wa Wafilipino karibu na makao yao.

Njiani nilipanga maneno. Sitasema kwamba moyo wangu ulikuwa umelainika, lakini akili yangu ilikuwa imefanya hesabu yake ikaona nilikosa. Niliamua nitambatiza na uzi wake, baharini, siku hiyo hiyo. Jeddah wanawake huingia baharini na mabaibui yao, watoto wakiwarushia maji, hakuna anayewatazama mara mbili. Ingekuwa rahisi kuliko istiraha na bila keki. Nilijiona mtu mwema kidogo, kilomita kama mia tatu hivi.

Nilimkuta amekaa meza ya pembeni, mikono chini ya meza. Nikasema yote kabla chai haijaletwa: nilikosa, uzi haukuwa neno, twende pwani sasa hivi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono wa kushoto mezani. Haukuwa na kitu. Palikuwa na mstari mwembamba wa ngozi nyeupe.

Msimamizi mpya wa chumba cha kufulia alikataza chochote mkononi, saa, bangili, nyuzi. Aliwapanga mstari siku ya kwanza na mkasi wa kitambaa, akakata. Binti alimwambia ni wa mama, msimamizi akakubali kwa kichwa na kukata, akaenda kwa mwingine.

"Hakuniambia habari za Mungu," alisema. "Ilikuwa sekunde moja."

Nilimwambia basi hata hivyo, maji yapo. Akatikisa kichwa.

"Ukinibatiza leo, mama ataona uzi ulitoka ndipo maji yakaingia. Atasema ni nyinyi."

Na mama alikuwa tayari anasema hivyo. Kwa wiki nyingi binti alipiga simu ya video akiwa amevaa mikono mirefu, mpaka siku moja mama akamwambia inua mkono, akainua, na mama akakata simu. Tangu hapo alikuwa akipokea lakini haongei. Anaweka simu sakafuni, inaonyesha dari, binti anaongea na dari ya nyasi. Alikuwa ameshaamini kwamba kanisa limemla mtoto wake. Shida ya binti ikawa hii: mimi mchungaji nimwambie mama kwa mdomo wangu kwamba si sisi, ni msimamizi. Mwenyewe akisema haaminiwi.

Nilikubali. Ilikuwa kweli tupu, tena ilinisafisha, na nilikuwa tayari kabisa kusafishwa. Akaiegemeza simu kwenye chupa ya mchuzi wa pilipili, akapiga. Ikatokea dari. Akasema maneno kwa Kikaren, maneno mengi, na humo nikasikia lile neno la Kiingereza, pasta. Dari ikayumba, tukaona uso. Mama mzee, mwembamba, kilemba kichwani, na nyuma yake ukuta wa mianzi unaopenyeza jua. Kule kwao ilikuwa mchana. Alinitazama bila salamu.

Nilisema, "Shikamoo, mama," kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Kisha nikaeleza habari ya msimamizi, na binti akatafsiri kipande kwa kipande. Mama alisikiliza. Akauliza swali moja fupi. Binti hakulitafsiri. Mama akalirudia, kwa sauti ile ile.

"Anauliza," binti akasema akitazama meza, "kama wewe hukutaka kuukata."

Alikuwa amenipa nafasi. Angeweza kutafsiri chochote nitakachosema, na sina shaka angenifunika, kama alivyowafunika wale wengine kwa taulo. Nikikana, mama angerudi kuongea na mwanawe siku hiyo hiyo. Nikikiri, huenda simu ingerudi sakafuni na isiinuke tena. Na hapo niliogopa, kweli nikaogopa. Sikuwa nimeogopa kitu miaka mingi.

"Mwambie nilitaka," nikasema. "Nilikuwa na mkasi mkononi. Wewe ndiye uliyekataa. Ulitoka majini kwa ajili yake."

Alinitazama kwanza mimi. Kisha akatafsiri, na sauti yake ikakatika mara mbili. Hakuwa amewahi kumwambia mamake habari za siku ile. Mama hakukata simu. Alifunga mdomo, akauma mdomo wa chini, akaanza kutikisa kichwa polepole, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. Kisha wakaongea wao wawili, kwa muda, nami nikanywa chai yangu iliyopoa. Nilielewa tu kwamba wanaongea. Binti alicheka mara moja huku akilia. Baadaye aliniambia mama amesema atafunga uzi mwingine atakaporudi, mnene zaidi, na kanisani atakwenda lakini atakaa nje ya mlango, asikie tu.

Nilianza kuinuka. Mama akasema neno, akinionyesha kidole.

"Anasema kaa," binti akasema. "Anasema uso wako hauna mtu. Anauliza nani alikufa kwako."

Nilijibu kwamba ni mke wangu.

"Anauliza ulikuwa wapi uliposikia."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Waliniuliza alikufa na nini, ameacha watoto wangapi, nitakwenda mazishini au vipi. Nikasema nilikuwa kwenye gari, katika maegesho ya chini ya ardhi, chini ya maduka huko Olaya, namngoja madam anunue viatu. Shemeji alipiga. Mtandao wa kule chini ni mbaya, nikasikia nusu ya sentensi, na hiyo nusu ilitosha. Kisha madam akaja na mifuko miwili, nikafungua buti, nikaipanga ili isianguke, nikasema yalla, twende, tukapanda juu barabarani.

Binti alitafsiri yote, na viatu pia. Mama akaitikia kama fundi aliyeonyeshwa palipovunjika. Akasema roho yangu ilibaki pale chini. Ilishtuka, mwili ukaendesha gari ukaenda zake. Akatoka kwenye picha, akarudi na mwiko wa mti. Akaniuliza jina langu, akalijaribu mara mbili, likamshinda kidogo.

Najua ningesema nini kama mtu angeniletea habari hii Al-Suwaidi. Ningeinuka nikakemea, na wote wangesema amina. Mama alianza kugonga sakafu ya mianzi kwa mwiko, taratibu, na kuita. Wafilipino wa meza ya pili waligeuka. Binti alikuwa akinitafsiria kwa kunong'ona: toka huko chini, usikae gizani, mifuko si yako, njoo, chakula kipo, watu wako wanakungoja, njoo. Na kila baada ya maneno machache mama alilitaja jina langu, kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mara ya kwanza nilitazama chupa ya pilipili. Mara ya pili nikakiweka chini kikombe. Mara ya tatu nikainua kichwa na nikaitika.